Mapigo Matatu Yaliyobaki

Ifahamike kwa watu wote, wa mji wetu wa Matsuyama na wa ng'ambo ya maji, kwamba mwaka ule mimi, Arimoto Kozue, nilikuwa Msimamizi Mkuu wa Wachezaji Wakongwe wa timu ya besiboli ya Korongo, mwenye mamlaka kamili ya kuamua nani abaki uwanjani na nani aende nyumbani akamwagilie maua.

Cheo hicho nilijipa mwenyewe, nikiwa ndani ya bafu la bweni maji yakiwa yameshapoa, na baraza langu lilikuwa wasichana wawili wa chumba cha jirani waliokuwa wanagonga mlango nitoke. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shuleni nilijulikana kwa mambo mawili: kupuliza tarumbeta vizuri, na kuipuliza pasipotakiwa. Niliwahi kupuliza wito wa kuamka saa nane mchana, katikati ya somo la hesabu, na wasichana arobaini waliokuwa wanasinzia wakasimama wima kando ya madawati yao. Mwalimu naye alisimama. Kwa kosa hilo niliosha ngazi za bweni wiki nzima, wala sikujuta hata ngazi moja.

Aliyenifundisha tarumbeta ni mjomba wangu, Shigeru, fundi wa mikeka ya tatami. Kwa miaka thelathini aliongoza washangiliaji wa jukwaa la kulia. Kwetu besiboli haishangiliwi ovyo. Kila mchezaji ana wimbo wake, wenye maneno yake, na anapokuja kupiga, tarumbeta ya kiongozi ndiyo inayouanzisha. Ngoma inafuata tarumbeta, watu wanafuata ngoma. Anayeruhusiwa kupuliza ni yule tu mwenye beji ya ligi, na anayevaa beji anawajibika kwa kila sauti inayotoka jukwaani kwake. Mjomba alikuwa na beji. Mimi nilikuwa naruhusiwa kumshikia tarumbeta anapokwenda kununua chakula.

Sasa nimtambulishe Iwakiri. Iwakiri Tadashi alikuwa amechezea Korongo miaka kumi na tisa. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na goti lake la kulia lilijua habari za mvua kabla ya redio. Alibakiza mapigo ishirini kufikisha elfu mbili. Kupiga mpira si kazi. Pigo linahesabiwa pale mpigaji anapofika kituo cha kwanza kwa uwezo wake, bila kubebwa na makosa ya wapinzani. Waliofikisha elfu mbili ni wachache kiasi kwamba watoto wanawakariri kwa majina.

Majira ya baridi yaliyotangulia, mkataba wake uliisha na klabu ikaonekana haina haraka ya kumpa mwingine. Tulichachamaa. Mjomba alichapisha karatasi za kukusanya saini, akasimama nje ya stesheni katika theluji nyepesi, siku kumi mfululizo, akirudi nyumbani hawezi hata kufungua vifungo vya koti. Zikapatikana saini elfu kumi na moja. Mimi, kwa uzito wa cheo changu, nilisaini mara saba: kama kinyozi, kama mjane, kama mapacha wawili, kama mwuza samaki, kama daktari wa meno, na kama bibi wa miaka mia moja na mbili anayeomba amwone Iwakiri kabla hajafa. Klabu ikampa mkataba wa mwaka mmoja, wenye mshahara unaozidi wa vijana watatu kwa pamoja. Tulilia kwa furaha. Tulikula udon mpaka mwenye duka akaishiwa tambi.

Kufikia mwezi wa sita tulikuwa tumeacha kulia.

Bi Tatsuko, aliyestaafu kiwanda cha taulo cha Imabari, alikuwa ameshona namba kubwa kwa kitambaa cha taulo, kuanzia ishirini kushuka hadi moja. Iwakiri akipata pigo, Bi Tatsuko alibadilisha namba na kuinyanyua, jukwaa zima likapiga makofi. Ishirini ikawa kumi na nne. Kumi na nne ikawa tisa, kwa mbinde. Mwezi wa nane ikafika tatu, na hapo ikaganda. Wiki tano tulikaa na ile tatu. Ikaanza kupauka kwa jua.

Na timu ilikuwa inafungwa. Kocha mkuu alimwingiza Iwakiri kila siku ili atafute yale matatu, na kila siku alimtoa mtu kumpisha, mara nyingi kijana Nagafuchi, mwenye miaka ishirini na miwili, aliyekuwa anapiga mpira kama anaudai. Mshahara wa Iwakiri tukawa tunaujua kuliko mishahara yetu wenyewe. Gunji, fundi bomba aliyekuwa anapiga ngoma yetu, aligawanya ule mshahara kwa idadi ya mapigo akatangaza kwamba kwa bei ya pigo moja la Iwakiri angeweza kubadilisha mabomba ya mtaa mzima na kubakiza ya bia.

"Mzee huyu anatumalizia msimu," Bi Tatsuko alisema siku moja, huku mikono yake miwili imeinua namba tatu juu ya kichwa.

"Sasa mama, si uishushe hiyo namba?" Gunji akamwambia.

"Niishushe nina wazimu? Akipiga leo nitakuwa na sura gani?"

Ndivyo tulivyokuwa. Tulimtaka afike na tulimtaka aondoke, na kila mtu aliiweka ile nusu ya pili moyoni, akidhani ni yake peke yake.

Tuje kwenye wimbo wa kufungia duka. Kwetu kuna muziki ambao maduka huupiga jioni kuwajulisha wateja kwamba wakati umekwisha, tafadhali wakumbuke mizigo yao. Uwanjani tunaupiga pale mrusha mpira wa wapinzani anapozidiwa na kutolewa. Anatembea kuelekea benchi ameinamisha kichwa, na sisi tunamwimbia kwa upole wa kinafiki, tukiyumba kushoto na kulia. Ni dhihaka, lakini dhihaka iliyozoeleka, na wapinzani nao wanatufanyia. Hakuna aliyewahi kuupigia mtu wa nyumbani.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa, saa tisa alasiri, tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Nagafuchi alikuwa amepata mapigo matatu siku hiyo hiyo na zamu yake ilikuwa imefika tena. Mjomba aliniachia tarumbeta akaenda kununua jakoten, yale maandazi ya samaki, kwa sababu mwuzaji alikuwa ametangaza zinakaribia kuisha. Kabla hajarudi, kocha mkuu akatoka, akamsimamisha Nagafuchi, akamwita Iwakiri.

Jukwaa la kulia likaguna. Haukuwa mguno mkubwa. Ulikuwa kama wa mtu anayeketi kwenye kiti akakuta kimeloa.

Gunji akanitazama, fimbo za ngoma mkononi. "Mjomba wako yuko wapi? Tunaanzaje?"

Nikasema usijali, nitaanzisha.

Niseme ukweli kuhusu nilichowaza, kwa kuwa kilikuwa kidogo sana. Niliwaza kwamba watu kumi watacheka. Niliwaza nitakavyosimulia bwenini. Iwakiri alikuwa na desturi yake: anagonga gongo kwenye kiatu, wimbo wake unaanza, naye anageuka kulielekea jukwaa la kulia na kuinama. Aligonga. Nikapuliza. Akageuka, akaivua kofia, akainama kama alivyofanya miaka kumi na tisa.

Nilichopuliza ni wimbo wa kufungia duka.

Ngoma ikafuata, maana mikono ya Gunji imezoea kufuata tarumbeta bila kuomba ruhusa kichwani. Kisha watu wakafuata ngoma. Si kumi. Kwanza safu zetu, halafu za juu, halafu jukwaa zima la kulia, watu elfu nne, wakiyumba kushoto na kulia, wakiimba kwa sauti tamu. Ningeweza kuacha. Niliendelea hadi mwisho wa ubeti, kwa sababu sikuwa nimewahi kufuatwa na watu elfu nne.

Wimbo ulimkuta ameinama, naye hakuinuka. Aliendelea kuinama mpaka ulipokwisha, kofia mkononi, utosi wake ulioanza upara umetuelekea. Halafu akaivaa kofia akaenda kupiga. Mipira mitatu ilipita. Hakugusa hata mmoja.

Bi Tatsuko alikuwa ameketi, namba tatu imekunjwa mapajani kama nepi. "Nami nimeimba," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Nilipogeuka, mjomba alikuwa amesimama kwenye ngazi na sahani mbili. Sijui alikuwa pale tangu lini. Nilisubiri anipige kofi, nikaliomba kofi lenyewe. Aliichukua tarumbeta taratibu, akaifuta mdomo kwa leso, akanipa sahani yangu.

"Kula," akasema. "Zinapoa."

Kesho yake magazeti ya michezo yaliandika kwamba mashabiki wa Korongo wamemfungia duka Iwakiri. Nilirudi shuleni nikaisoma habari hiyo maktabani, nimeificha ndani ya atlasi. Wengine waliandika kwamba ni ukatili, wengine kwamba ni ukweli uliochelewa, na nina hakika ni watu wale wale. Klabu ilimwita mjomba na kumwuliza nani alipuliza. Akasema kiongozi ni yeye. Akaweka beji mezani, akainama, akaondoka. Habari hizo nilizipata kwa mama, kwa simu ya bweni, wasichana wanne wamepanga foleni nyuma yangu. Nikasema, "Maskini mjomba," nikakata.

Nimeitafakari sana ile "maskini mjomba". Katika maisha yangu ya utundu sijawahi kutamka maneno machafu kuliko hayo.

Wiki mbili baadaye Iwakiri alitangaza anaacha. Mapigo elfu moja mia tisa tisini na saba.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi nilikuwa dukani kwa mjomba. Nilikuwa nimekwenda kukiri. Nilikuwa nimekwenda kukiri Jumapili tatu mfululizo, na kila mara nikaishia kufagia vumbi la nyasi za mikeka na kuandaa chai. Mlango ukasogezwa, akaingia mtu mrefu, anachechemea, amebeba boksi. Nilimwona bila kofia na bila jezi, nikadhani ni mteja.

Mjomba alipiga magoti pale pale juu ya mkeka ambao haujamalizika, paji la uso chini. "Bwana Iwakiri. Sina neno."

"Inuka, mzee Shigeru. Sikuja kulaumu mtu," Iwakiri alisema, akaketi kwa taabu, mguu mmoja ameunyoosha. Alieleza kwamba anahama nyumba, na kwamba boksi lile hakuweza kulitupa, kwa kuwa ni majina ya watu. Majina ya watu hayatupwi na maganda ya machungwa. Akalifungua. Zilikuwa zile saini zetu elfu kumi na moja.

"Majira ya baridi nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha," akasema. "Goti lilikuwa limekwisha, na mimi nilijua. Klabu ikaniletea hizi. Nikazisoma zote, zilinichukua siku tano. Nikaichana barua."

Mimi nilikuwa nimeshika birika na sikujua pa kuliweka.

"Jambo moja tu linanisumbua," Iwakiri akaendelea. "Miaka kumi na tisa unasubiri nigonge kiatu mara mbili ndipo upulize. Mara mbili, kila siku, hata kwenye mvua. Siku ile nilikuwa nimegonga mara moja."

"Nilikosea. Uzee."

"Wewe?"

"Nilipuliza mimi," mjomba akasema.

Iwakiri akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeamua kupokea anachopewa. Akachukua karatasi ya juu kabisa ndani ya boksi. Alisema hiyo aliiweka juu makusudi, kwa sababu ilimchekesha siku aliyokuwa hana la kumchekesha: kinyozi, mjane, mapacha, mwuza samaki, daktari wa meno, na bibi wa miaka mia moja na mbili, wote wa mtaa mmoja, na wote wanamalizia herufi kwa kamkia ka panya.

"Yule bibi hasa ndiye aliyenibakiza," akasema. "Nilisema basi, nimchezee mwaka mmoja."

Alitabasamu, akainua macho kutafuta pa kuyapumzisha, yakatua ukutani. Ukutani kulikuwa na kadi ya bei za mikeka niliyomwandikia mjomba likizo iliyopita. Ina herufi kubwa nyeusi, nzuri, na kila moja ina kamkia ka panya.

Akaitazama kadi. Akaitazama karatasi. Akanitazama mimi na birika langu. Tabasamu halikuondoka mara moja. Liliondoka kidogo kidogo, nami nikalishuhudia lote. Mjomba akafungua mdomo aniwahi.

Nikaliweka birika chini, nikapiga magoti kando ya mjomba.

"Ni mimi niliyepuliza," nikasema. "Na bibi huyo pia ni mimi."