Sindano Iliyosogezwa

Noreen Trewartha hakuiogopa sindano. Kila baada ya wiki sita alichomwa jicho la kulia, na kilichomchosha ni mwendo wa saa tatu kwenda mjini. La kushoto lilishaliwa katikati na ugonjwa wa macho wa uzee kabla hajajua kama kuna dawa. La kulia ndilo lililobaki la kusomea, na la kumjulisha nani anaingia mlangoni.

Mwaka huu wakata manyoya ya kondoo walifika shambani kwao mapema, wanaume tisa, na mpishi aliyeahidiwa hakutokea.

"Piga simu uisogeze hiyo sindano," alisema Clem, mumewe. "Wiki tatu tu, mama. Hilo jicho lina miguu, litakimbia?"

Kule kwao, timu ya wakata manyoya ikikosa chakula inaondoka, na jina lako linachafuka wilaya nzima. Noreen akapiga simu mwenyewe. Akapika nyama ya kondoo mchana na usiku, akaoka keki za chai ya saa tatu unusu na ya saa tisa.

"Mama, mimi namwacha mke wangu nihamie kwako," alisema Dougal, kiongozi wao, mdomo umejaa.

"Hamia na sabuni," Noreen akamjibu, wakaangua kicheko.

Daktari alikuwa amempa karatasi ya miraba, aibandike kwenye friji na kuiangalia kila asubuhi: akiona mistari inapinda, aje siku hiyohiyo. Siku ya nane ilipinda. Akamwita Clem.

"Imelowa mvuke wa masufuria yako," alisema Clem, akachukua kofia yake akatoka.

Noreen alijua haikulowa. Aliigusa, ilikuwa kavu. Lakini mkate ulikuwa kwenye oveni na wanaume tisa wanangoja, naye ni mtu aliyelelewa kutosumbua watu kwa ajili yake mwenyewe. Ujinga mtupu, na aliujua. Ijumaa ya mwisho alimimina chai pembeni ya kikombe, juu ya meza. Hakuna aliyecheka.

"Damu imevuja na kovu limeshika," alisema daktari walipofika mjini, binti mpole aitwaye Anjali. "Sindano ingezuia. Kurudisha, hairudishi. Kwa nini mmechelewa hivi?"

"Alisahau," Clem akadakia. "Si unajua tena, uzee."

Noreen akamgeukia. Palipokuwa na uso wake palikuwa na ukungu wa kijivu, na masikio mawili pembeni.

"Sikusahau," alisema. "Nilikuwa napika."

Clem akakohoa.

Wakashika njia ya kurudi nyumbani. Nusu ya njia Clem akasema, kwa sauti ya kubembeleza, "Dougal anauliza kuhusu Machi ijayo. Wanataka upike wewe tu. Mikono yako si inajua kila kitu jikoni?"

"Sipiki."

"Usinune, mama. Nani alikushika mkono upige ile simu?"

Hakuna aliyemshika. Alikumbuka jinsi alivyomwomba radhi msichana wa kliniki ya macho kwa usumbufu, na jinsi alivyofurahi msichana alipomwambia hakuna shida. Alimchukia Clem, na alijichukia zaidi, kwa sababu alichosema mumewe kilikuwa kweli.