Mkwe wa Zamu

Aliyemtia Respicius kwenye zamu ile ni mimi. Nalitanguliza hili kwa sababu hapa Mpanda wapo wanaosimulia kwamba kosa lote lilikuwa la Matroni, na nimewaacha wasimulie hivyo kwa muda mrefu mno. Matroni ana makosa yake, nitayataja. Hili ni langu.

Dada yangu Kasilda alikuwa na mwaka wa tatu katika Makao ya Wazee Tulizo, nje ya mji, njia ya kwenda Ugalla. Kiharusi kilimlaza upande wa kulia, na mkono wa kushoto ulishakakamaa zamani kwa baridi yabisi. Hakuweza kushika kijiko. Mtu asiyetujua atauliza: huyu mama ana binti, Dina, ameolewa hapo hapo Kashaulili, kwa nini asikae kwa binti? Kwa sababu kwa binti ni kwa mkwe. Kwetu Wakonongo mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mwenzake apite. Sasa akaoshwe na kugeuzwa kitandani ndani ya nyumba ya mkwe? Bora alale nje. Mtoto wake wa kiume yuko Karema kwenye mitumbwi, leo yupo kesho hayupo. Mimi nina chumba kimoja, na nusu ya mwezi niko kwenye mizinga yangu ya nyuki. Basi, Tulizo.

Na mkwe mwenyewe, Respicius, alikuwa mtumishi wa Tulizo hata kabla hajamwoa Dina. Haikuwa shida. Yeye alihudumia upande wa wanaume, Kasilda alikuwa upande wa wanawake, na katikati kuna jiko. Akimwona kwa mbali ameketi barazani, aligeuza toroli lake akapita nyuma.

Watumishi walikuwa tisa, wazee arobaini. Piga hesabu mwenyewe. Waliofanya kazi ile iwezekane ni sisi ndugu. Kila asubuhi tulifika na chupa za uji, tukaosha, tukageuza, tukakata kucha, tukafua mashuka. Getini tuliandika majina kwenye daftari la wageni. Miaka yote ile mimi ni mgeni, na mikono yangu inanuka dettol.

Mwezi wa nne mwaka 2020, corona ilipotangazwa kila redio, Matroni Imakulata alituita tukasimama mbalimbali mbele ya geti. Alikuwa mwanamke wa Bukoba, mnyoofu, hana mchezo.

"Kuanzia Jumatatu hakuna mgeni," alisema. "Watumishi watakaokubali watalala humu humu mwezi mzima bila kutoka. Wazee hawa wakiugua hawatapona, nyie wenyewe mnajua."

"Wamekubali wangapi?" niliuliza.

"Wanne."

Wanne hao, mmoja ni mlinzi na mwingine ni mpishi. Waliobaki kugusa wazee ni Faudhia kwa wanawake, na kwa wanaume ni kijana mmoja aliyeanza kazi juzi, ambaye macho yake yalikuwa yanatafuta barabara.

Mimi sisahau. Nikiwa darasa la nne walizungusha kamba kwenye kambi ya kipindupindu, bibi yangu akiwa ndani. Wakatuambia anakula, anaendelea vizuri. Walipofungua kamba walitukabidhi kitenge ambacho hakikuwa chake. Tangu siku ile nikisikia geti linafungwa, jambo la kwanza ninalotaka ni mtu wetu awe upande wa ndani.

Nikapaza sauti mbele ya watu wote: "Yule kijana aende kwao. Respicius abaki. Ni mtu wetu, anajua kazi."

Respicius alikuwa amesimama nyuma ya tangi la maji, uso ameugeuzia ukutani, kwa sababu mimi ni mdogo wake Kasilda, kwa hiyo na mimi ni mama mkwe wake. Alikuwa ameshaomba ruhusa arudi nyumbani. Dina alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Lakini neno la mama mkwe halirudishwi. Akaliambia tangi: "Sawa, mama."

Watu wakapiga makofi. Nilirudi sokoni ninakouza asali, nimevimba kichwa.

Wiki mbili zikapita. Kila siku Respicius alimpigia Dina simu, na Dina akaniletea salamu. Mama anaendelea. Kisha Alhamisi moja Dina akaja kwenye meza yangu ya asali, mtoto mgongoni, hakusalimia.

"Mama mdogo, mama hajala."

"Tangu lini?"

"Leo siku ya nne. Maji anakunywa kidogo, akimwagiwa mdomoni na mama wa kitanda cha pili, naye mikono inatetemeka. Respicius alikuwa ananificha."

"Faudhia yuko wapi?"

"Ana homa tangu Jumapili. Amejifungia chumbani kwake. Respicius yuko peke yake pande zote mbili." Akainamisha kichwa. "Mama mdogo, anayemlisha mama ni Respicius."

Nilikaa chini juu ya ndoo. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nilimwambia Dina anyonyeshe mtoto wake na asitoke nyumbani, nikafunga meza, nikafunga na nguo mbili kwenye khanga, nikapanda bodaboda.

Getini nilimkuta Nyanzala ameketi kwenye furushi lake. Mama yake ndiye yule wa kitanda cha pili. Ndani ya geti alisimama mlinzi, Manyanda, Msukuma, mtani wangu wa siku zote.

"Mkonongo," alisema, "leo umekuja bila asali, unatafuta nini kwenye geti langu?"

"Nimekuja kukufundisha kufungua geti, Msukuma. Ng'ombe unawafungulia kila siku, watu umesahau."

"Ng'ombe hawakohoi."

"Niitie Matroni, Manyanda."

Akaniangalia usoni, akaacha utani, akaenda.

Matroni hakufika getini. Alisimama kwenye dirisha la ofisi, hatua kama kumi na tano, barakoa imempanda hadi chini ya macho. Alikuwa amekula na Faudhia meza moja siku homa ilipoanza, kwa hiyo na yeye alijitenga humo ofisini. Mpishi, mzee Siméon, alikatazwa kuingia kwa wazee asije akapeleka ugonjwa kwenye masufuria. Manyanda alikatazwa kwa sababu anapokea mizigo ya nje. Kila amri ukiichukua peke yake ilikuwa na akili. Zikiwekwa pamoja zilikuwa zinamuua dada yangu kwa njaa.

"Kasilda anakataa chakula," Matroni alisema. "Nimeandika kila siku. Wazee hufika hapo, Dafrosa. Mwili unachoka."

"Umemuuliza anayemlisha?"

"Respicius ameniambia anakataa."

"Mwite aniambie na mimi."

Respicius akatoka upande wa wanawake amebeba beseni. Aliponiona, beseni akaliweka chini, akarudi kinyumenyume hadi nyuma ya tangi.

"Respicius, unajificha nini?" Matroni aliuliza. "Njoo hapa."

"Hawezi," Manyanda alisema. "Huyu mama ni mkwe wake. Na yule wa ndani ndiye mkwe wake hasa, amemzaa mke wake."

Nikageuka nikatazama barabara, ili kijana apate nafasi ya kusema. Sauti yake ilikuja kama ya mtu anayeungama.

"Siku ya kwanza nilifunga taulo usoni nikajaribu. Kijiko kikampiga shavuni. Akafunga mdomo, akauma shuka akalivuta hadi kichwani. Tangu hapo akinisikia mlangoni anajifunika. Naweka uji kwenye kigoda, natoka, narudi, naukuta. Kumwosha sijamwosha, Matroni. Siwezi kumfunua. Nikifanya hivyo nitamtazamaje mke wangu?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliyeniamuru nibaki ni mkubwa wangu. Ningesemaje?"

Mkubwa wake alikuwa amesimama getini na khanga yake, anatazama barabara.

Matroni alishika kichwa. "Dunia nzima watu wanazikwa, na nyie mnaniletea habari za mkwe. Haya. Siméon atamlisha."

Siméon alikuwa anasikiliza kutoka mlango wa jiko. "Na sufuria za watu arobaini atakoroga nani?" alisema. "Nimlishe mmoja, wengine thelathini na tisa wafunge? Na kumwosha mama mtu mzima, mimi mzee mwenzake?"

"Niingie mimi," nikasema.

"Wageni hakuna."

"Sikuja kusalimia. Nakuja kufanya kazi niliyokuwa naifanya, na sitoki mpaka mseme tutoke."

"Ukiingia lazima ujitenge siku kumi na nne kwanza. Huo ni utaratibu, na ni utaratibu mzuri. Nani anajua umebeba nini huko sokoni?"

"Ni mzuri, sibishani. Kasilda ana siku kumi na nne?"

Akatazama upande wa wanawake.

"Basi nitenge pamoja naye," nikasema. "Kile chumba cha cherehani kina mlango wake wa nje, hakuna anayekitumia. Mtoe dada yangu mumlaze humo, nami niingie, mfunge. Chakula Siméon aweke mlangoni. Nikiwa na ugonjwa nitamuua mmoja tu, na nitamzika mwenyewe. Nisipokuwa nao, ataishi. Ukikataa, huyo mmoja anakufa kwa vyovyote."

"Wakubwa hawajaruhusu kitu kama hicho."

"Wapigie. Hapa, kwenye spika, tusikie sote."

Akapiga. Mara ya kwanza haikupokelewa. Mara ya pili sauti ya mwanamume ikasema wasubiri maelekezo ya maandishi, wiki ijayo. Mwanamume huyo akakata simu.

Nikaweka khanga yangu katikati ya njia, mbele kabisa ya geti, nikaketi juu yake. Nyanzala akatazama, akavuta furushi lake, akaketi kando yangu, mbali hatua mbili kama tulivyofundishwa.

"Mnafanya nini?" Matroni aliuliza.

"Tunasubiri maelekezo ya maandishi. Na gari la unga likija litasubiri nasi."

"Dafrosa, nitaita polisi."

"Waite. Wakija nitawaambia wapite ndani kwanza, wamtazame Kasilda. Baadaye wanikamate."

Jua lilipanda. Gari la unga likaja, dereva akapiga honi, akashuka, akauliza, akaelezwa, akawasha sigara akaketi kivulini. Siméon akapiga kelele kwamba unga wa leo umebaki debe moja. Matroni alikuwa anapita na kurudi nyuma ya dirisha, na mimi nilimhesabu: mara ishirini na mbili. Najua alikuwa hajalala siku nne. Najua pia alikuwa anaogopa kweli, wala hakuogopea kazi yake peke yake. Sikumwonea huruma saa ile. Huruma yote ilikuwa na pa kwenda.

Mwisho akafungua dirisha.

"Manyanda. Mpe kalamu. Asiandike kwenye daftari la wageni, mpe karatasi ya zamu." Kisha akaniambia mimi, polepole: "Ukitoka kwenye hicho chumba kabla ya siku kumi na nne, nitakufukuza mbele ya watu kama mwizi."

"Nitakuwa nimestahili," nikasema, nikaandika jina langu, nikanawa hadi viwikoni.

Hakukuwa na mwingine wa kumgusa, kwa hiyo nilimtoa Kasilda mwenyewe kwa kiti cha magurudumu, barakoa usoni, kupitia mlango wa nyuma. Respicius alikuwa ameshaondoka upande ule. Nilisikia anafagia kwa wanaume, anafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Dada alikuwa mwepesi kama kapu. Midomo ilikuwa imepasuka. Shuka lilikuwa la siku nne na sitasema zaidi, yeye mwenyewe asingependa.

Nilimwosha kwanza, maana nilijua hatakula akiwa mchafu. Nilimvika gauni. Nikaleta uji.

Akafunga mdomo.

"Ni mimi, dada. Dafrosa."

"Nakuona." Sauti yake ilikwaruza. "Ameondoka?"

"Yuko kwa wanaume. Hakuona kitu. Alifunga taulo."

"Nilimwona alivyofunga. Nani alimleta?"

Ningeweza kusema Matroni. Mji mzima ungenisaidia kuusema uongo huo.

"Mimi. Nilisema mbele ya watu abaki yeye. Nilitaka mtu wetu awe ndani. Sikufikiria Faudhia akiugua itakuwaje."

Alinitazama kwa jicho lile la upande ulio mzima, akanitazama sana.

"Tangu utotoni mdomo wako unafika kabla yako," alisema. "Huyo kijana alilia. Aliweka uji kwenye kigoda, akatoka, nikamsikia ukutani analia kama mtoto. Mkwe wangu. Utamtolea mbuzi."

"Nitamtolea."

"Jike. Na usimpe yule wako kilema."

"Jike, mzima."

"Nataka shahidi."

"Kasilda, kunywa uji kwanza, shahidi tutamtafuta."

Akafunga mdomo tena. Siku nne za njaa, na bado ana nguvu ya kunifanyia hivyo. Nikaenda dirishani nikamwita Manyanda. Akaja, akasimama mbali, nikarudia yote kwa sauti kubwa: mbuzi jike, mzima, kwa Respicius, kwa sababu ya aibu niliyomtia.

"Nimesikia," Manyanda alisema. "Utumbo ni wangu mimi shahidi."

Nyuma yangu Kasilda akafungua mdomo.

Kijiko cha kwanza kilimwagika nusu kidevuni. Cha pili kiliingia chote. Cha tatu akasema uji hauna sukari. Nilipofika cha tano niligeuza kichwa, nikamwambia Manyanda asiondoke. Pale ndani walibaki wanawake kumi na wanane, na mkwe wangu alikuwa mmoja.

"Mwambie Matroni hiki chumba kinaingia vitanda vinne," nikasema. "Nyanzala yuko getini na furushi lake. Afunguliwe, amlete mama yake humu sasa hivi, kabla jua halijageuka."