Chiriku wa Mashine ya Alizeti

Ndege alikuwa bado ana joto. Yunisi alimwokota kwenye sakafu ya tundu, akamlaza kiganjani, na Mama Gerald akamtazama mikono kama mtu anayetafuta kisu kilichotumika.

"Huyu wa pili," alisema Mama Gerald. "Ulimpa nini?"

"Alizeti, mama. Kama ulivyoagiza."

"Alizeti haijawahi kuua mtu. Nyumba hii yote imejengwa kwa alizeti."

Nyuma yao mashine ilikuwa inaunguruma, inakamua, na baraza nzima ilinuka mafuta mabichi na mashudu ya moto.

Ndege hao walikuwa watano walipokuja. Gerald, mtoto wa mwenye mashine, aliwaleta kutoka Arusha ndani ya tundu la waya akasema wanaitwa kanari. Wakulima wa Kinampanda waliona ni chiriku tu, ila wa njano, na jina likabaki hilo. Mama yake akawatundika juu ya mizani, mahali ambapo kila anayeshusha gunia lazima ainue macho. Hawa hawali kitu kingine, alikuwa akiwaambia wateja, ni alizeti yangu tu, sikilizeni hizo sauti. Na kweli, miezi ya mwanzo waliimba mpaka watu wakawa wanasahau zamu zao. Kisha wakanyamaza, mmoja mmoja. Wakawa wanakaa wamejifutua manyoya kama wazee waliopigwa na baridi ya mwezi wa sita.

Kuwalisha ilikuwa kazi ya Yunisi, pamoja na kufagia, kuzoa mashudu na kufuta mizani.

"Sasa nisikilize, Mama Jeni." Mama Gerald alishusha sauti, na sauti yake ikishuka ndipo ilipouma. "Kwenu Kinyangiri kote wanajua ndege walikufanya nini. Una kinyongo nao. Unawalisha umefunga moyo. Akifa wa tatu, ufunguo wa chumba uniachie hapa hapa kwenye mizani."

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya mashine, cha bati, kinachotikisika mashine ikiwaka. Yunisi aliishi humo na binti yake Jenipher, aliyekuwa kidato cha pili. Kutoka mlangoni pao hadi sekondari ilikuwa kupanda kilima kimoja tu. Wakirudi Kinyangiri hakutakuwa na kilima cha kupanda. Kutakuwa na jembe, basi, na Jenipher atakuwa msichana mwingine aliyeishia njiani.

Lakini kilichomchoma Yunisi hakikuwa ufunguo. Kilichomchoma ni kwamba yule mama alikuwa amepiga karibu na ukweli.

Alikuwa amewachukia ndege miaka thelathini. Tangu akiwa mdogo kuliko Jenipher alikuwa akipanda dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba la uwele, na kupiga kelele kuanzia jua linapochomoza mpaka sauti inakauka. Aliolewa, akaendelea kupiga kelele. Alifiwa na mume, akapiga kelele peke yake. Halafu ukaja mwaka juzi, kwelea kwelea wakatanda kama moshi, na kijiji kikaambiwa kitulie kwa sababu ndege inakuja na dawa. Watu wakakaa wanatazama juu. Ndege inakuja, ndege inakuja, kila siku ndege inakuja. Wakaja ndege wenyewe, kwa maelfu, na kwa siku mbili shamba lake likabaki mabua yaliyosimama wima bila kichwa. Ile ya dawa ilipopita angani, wiki iliyofuata, mzee mmoja aliipungia mkono na kuiambia imechelewa chakula. Watu walicheka. Yunisi hakucheka. Alifunga mizigo, akamshika mwanawe mkono, akaja Kinampanda kutafuta kazi isiyo na ndege.

Akapewa hawa.

Alimpeleka yule mfu nyuma ya chumba. Alikusudia kumzika, lakini mkono wake ulikuwa na mazoea yake. Alichukua wembe, akampuliza manyoya ya kidari yakagawanyika. Chini ya ngozi kulikuwa na mafuta, mafuta ya njano yaliyojaa mpaka shingoni. Akampasua kama alivyopasua mamia ya kwelea kwa ajili ya mboga, miaka ambayo ndege walikula shamba na watu wakala ndege. Ini lilikuwa limevimba, limepauka kama chai iliyozidi maziwa. Akakata firigisi.

Alizeti. Alizeti tupu, na hata chembe moja ya mchanga hakuna.

Alichuchumaa hapo muda mrefu, na hasira ikapanda taratibu kutoka magotini. Firigisi za wezi wake alizijua kuliko alivyojua herufi. Ndani yake ungekuta uwele, ndiyo, lakini ungekuta pia mbegu za majani ya porini, majani mabichi yaliyosagika, mguu wa panzi, kiwavi, na siku zote changarawe za kusagia. Kwelea ni jambazi, lakini hata jambazi habebi kitu kimoja tu kila siku. Na huyu mama, anayesema anawapenda, amewafungia na kuwashindilia utajiri wake mpaka umewaziba.

Jioni hiyo alikwenda sokoni kwa Dorkas, muuza nafaka, akaomba uwele. Dorkas alimtania kwamba ameshapakumbuka Kinyangiri, au amepata mchumba wa kumpikia ugali mweusi. Yunisi alisema ni wa ndege. Dorkas akaacha utani, kibaba mkononi, maana yeye naye alikuwa mtu wa Mkalama, wilaya moja na Kinyangiri, na kwelea aliwajua.

Kesho yake asubuhi, kabla Mama Gerald hajafika, alifungua tundu. Hakuondoa alizeti yote kwa mkupuo, kwa sababu mtu hasahau chakula chake kwa siku moja; alipunguza akabakiza chache, akachanganya na uwele na ulezi. Kwenye waya akachomeka kitawi cha mchicha. Akaweka kipande cha tango, na kisahani cha mchanga alioupepeta. Yai la kuku wake mmoja alilichemsha, akalivunjavunja, wao wakapata kidogo kama ukucha na Jenipher akala lililobaki. Ganda alilisaga akalinyunyiza kwenye mchanga. Maji akayabadilisha.

Uwele aliumimina bila kuutazama. Hakuwa ameshika uwele tangu shamba lile.

"Kuleni," aliwaambia, meno yamekutana. "Mlikula bila kukaribishwa. Leo nawakaribisha, mnaona sasa. Kuleni."

Walimtazama kwa macho yao ya shanga. Mmoja alidonoa alizeti, akarudi kulala. Yunisi akawatukana kwa Kinyiramba, taratibu, matusi ya shambani, mpaka aliposikia mlango wa mbele unafunguliwa.

Ikawa hivyo siku ya pili, ya tatu, ya nne. Kila asubuhi aliwalisha kwa hasira na kuwafagilia kwa hasira, na kabla Mama Gerald hajaingia aliondoa kitawi na visahani, makapi ya uwele akayafuta kwa pindo la khanga yasionekane. Siku ya tatu wawili walikuwa wameanza kuurarua mchicha. Wa tatu, jike dogo lenye doa kichwani, alibaki amejifutua chini, pembeni, mkia umeinama. Huyo ndiye aliyeubeba ufunguo, na alionekana hana habari.

Siku ya tano walikuja wakulima wengi. Magunia yalijipanga mpaka barabarani. Mzee Ignas wa Sekenke, ambaye aliwahi kuchimba dhahabu na sasa alilima, alikuwa wa kwanza kwenye mizani, na Yunisi alimpa shikamoo yake huku akijua moyoni kwamba kitawi cha leo amekisahau kwenye waya, na visahani ndani.

Mama Gerald alikuwa ameshaanza hotuba yake. Hawali kingine, ni alizeti yangu tu.

Mzee Ignas aliinua mkono, akachomoa shina la mchicha, akaligeuza geuza.

"Alizeti yako siku hizi ina majani ya kupika, Mama Gerald?"

Foleni nzima ilicheka. Mama Gerald alisogeza uso kwenye tundu, akaona uwele, akaona mchanga, akaona vile vipande vyeupe na vya njano. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyekuta mgeni kitandani kwake.

"Yunisi. Hiki ni nini?"

"Yai, mama."

"Yai." Alilirudia kwa watu, ili wawe mashahidi. "Ndege wangu wanalishwa mayai."

"Sisi tulikatazwa mayai," alisema Mzee Ignas, bado anafurahia. "Wazazi walituambia mtoto mla mayai atakuwa mwizi. Sasa huyu chiriku akikua ataiba nini?"

"Walishaiba, babu," alisema Yunisi. "Walikula shamba langu lote Kinyangiri, na hawakuwa wameonja yai."

Kicheko kilianza tena, kikakatika. Watu wawili watatu walikuwa wa Mkalama, na wao walitazama chini. Mama Gerald alisema hajamwajiri mtu kufanya majaribio. Kwamba amewaambia wateja wake jambo moja miezi yote hii, na leo mfagiaji amemfanya mwongo barazani kwake. Alisema na mengine, kuhusu watu wanaookotwa na kupewa chumba.

Yunisi aliegemeza fagio ukutani. Alipofungua mdomo sauti iliyotoka ilikuwa ile ya dungu, sauti ya kuvuka shamba, na yeye mwenyewe alishtuka kuisikia chini ya bati.

"Mimi siwapendi hawa. Sitakudanganya mama, nimewaombea kufa. Lakini nimewapasua matumbo miaka thelathini, najua wanakula nini. Yule wa pili nilimpasua, ini lake limeoza kwa mafuta. Mafuta yako. Wewe unayewapenda, siku gani uliwahi kuuliza wanakula nini?"

Fundi wa mashine, aliyekuwa anachungulia, alizima injini.

"Ufunguo," alisema Mama Gerald.

"Hajafa wa tatu."

"Ufunguo, Yunisi."

Aliufungua kwenye pindo la khanga. Vidole vilikataa lile fundo, akalifungua kwa meno. Aliuweka katikati ya mizani, na mshale haukusogea hata kidogo. Chuma kile kilikuwa chepesi mno kwa mizani ya magunia. Kule juu kengele ya shule ilikuwa inagonga mapumziko.

Mzee Ignas alikuwa ameshika gunia lake kwa masikio yake mawili, tayari kulipandisha. Aliutazama ufunguo. Akalishusha gunia chini polepole, pembeni, akasimama mikono nyuma. Aliyemfuata kwenye foleni naye hakusogea. Mama Gerald alisubiri mtu autoe, na hakuna aliyeutoa, na yeye mwenyewe mkono wake ulienda nusu ya njia, ukabaki hapo, ukarudi kiunoni.

"Pimeni basi," alisema. Hakuna aliyepima.

Ndipo waya ulipolia kidogo. Lile jike lenye doa lilikuwa limejikokota kutoka pembeni, manyoya bado yamesimama, miguu inateleza kwenye makapi. Lilifika kwenye sahani. Likazipita alizeti. Likasimama mbele ya yai, kichwa upande, kama mtu anayesoma barua isiyo yake.

Yunisi alikuwa bado anahema kwa hasira. Hakujua kwamba amesogea mpaka pua yake inakaribia waya, wala kwamba Mama Gerald amesogea upande wa pili. Ndege alifungua mdomo. Na Yunisi, kama alivyokuwa akifanya zamani akimlisha Jenipher kijiko cha kwanza cha uji, akafungua wa kwake.