Mahali pa Tanuri la Khalaf

Kibao cha shaba kilikwisha kuchongwa: *Hapa palikuwa na tanuri la Khalaf, 1949.* Kilichobaki ni ukuta wa kukipigilia, na Chama cha Soko la Zamani kilitaka jibu kabla ya Alhamisi. Rudeina, binti wa Khalaf, alikuwa amepima ardhi ya mji wa Irbid miaka thelathini na sita. Hakutaka kutia saini asichokipima. Lakini mjini hapakuwa na kitu kingine chenye jina la baba yake.

Watu walimwelekeza kama kawaida yao, kwa vitu visivyokuwepo. "Mkabala na kiwanda cha barafu," walisema. Kiwanda kilikwisha kubomolewa, na kabla ya hapo kilihama mara mbili.

Akamwendea Nazha, mdogo wa mama yake, ambaye usichanani alipeleka donge la mkate wa nyumbani likaokwe kwa Khalaf kila asubuhi.

"Usiniulize mimi, iulize miguu," Nazha alisema. "Lete sinia."

Akajitwika sinia tupu, wakatoka. Vumbi la jangwani lilikuwa limeutia mji weupe, majengo yakawa kama yamechorwa kwa chaki. Nazha alipinda pasipo na kona. Aliinama kupita chini ya tao ambalo halipo. Mbele ya benki alimwamkia muuza vifungo, marehemu wa siku nyingi. Kisha akaingia moja kwa moja kwenye duka la simu.

"Mama mdogo, hilo ni duka la watu!"

"Duka lao, njia yangu."

Muuzaji akacheka. "Karibu bibi. Tukuchajie sinia?"

"Jichaji akili kwanza, mwanangu."

Wakatokea mlango wa nyuma, wakashuka ngazi. Nazha akaingia barabarani na kusimama katikati ya lami. Magari yakawazunguka taratibu, honi zikisikika kama za mtaa wa pili.

"Hapa. Joto lilikuwa likinipiga usoni hapa."

Rudeina hakupima kwa joto. Akafungua ramani ya 1952, akavuta utepe kutoka pembe ya msikiti, jengo pekee lililosalia. Mita arobaini na moja, kama ramani ilivyosema. Barabara ilipopanuliwa, safu nzima ya maduka ililiwa.

Akampigia Suheil, katibu wa chama.

"Katikati ya lami?" Suheil aliguna. "Dada yangu, pale famasi pana ukuta mzuri. Nani atajua?"

"Mimi."

"Bila ukuta hakuna kibao."

"Basi kisiwepo."

Akaandika vipimo kwenye fomu ya chama, akatia saini. Kisha akamshika Nazha kiwiko.

"Twende, mama mdogo. Tutagongwa."

"Ngoja kwanza," Nazha alisema, sinia bado kichwani. "Mbele yangu kuna watu wawili."

Rudeina akatazama saa yake, akasimama nyuma yake kwenye foleni.