Ukungu wa Mwezi wa Saba

Ndege ilishuka, ikaingia kwenye weupe, kisha injini zikanguruma tukapanda tena. Mara ya pili ikawa vilevile. Nilibandika uso dirishani nikitafuta japo bati moja la Mtwara, nisione kitu. Rubani akatangaza kwa upole kwamba njia ya kurukia haionekani. Angezunguka kidogo, na ukungu usipopungua tungerudi Dar es Salaam.

Kule chini, kijijini kwetu Ziwani, mama yangu alikuwa mahututi. Mdogo wangu Husna alinipigia simu jana yake jioni. "Kaka Hemedi, mama anakuulizia wewe tu. Fanya uje." Ndege ya mapema zaidi ilikuwa hiyo ya asubuhi, ya shirika nililofanyia kazi mwenyewe.

Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alifunga mkanda upya. "Kwani mwanangu, hizi ndege hazina chombo cha kuwasaidia marubani kwenye ukungu?"

"Zipo zenye nacho," nikamjibu.

Hii yetu haikuwa nacho, na sababu niliijua mimi kuliko abiria wote.

Mwaka mmoja nyuma tulikaa kikao kupanga safari za Mtwara. Mhandisi wetu Stefano, mtu wa kung'ang'ania jambo mpaka mumchoke, alitaka ndege ifungwe kwanza kifaa cha kufuata setilaiti, kinachomwongoza rubani hadi karibu na ardhi kabla hajalazimika kuiona njia. Lakini kukifunga kungeilaza ndege karakana wiki sita, nayo karakana haikuwa na nafasi kabla ya Desemba, kwa hiyo safari zingeahirishwa hadi mwakani. Mkurugenzi akanigeukia.

"Hemedi, wewe ndiye mwenyeji. Kwenu kuna ukungu?"

"Mtwara ni jua tu, bosi."

Stefano alinitazama kidogo, halafu akafunga faili lake.

Nilidanganya, tena kwa makusudi. Nimekulia ndani ya ukungu ule. Mwezi wa sita na wa saba mama alituamsha alfajiri kwenda kuipulizia mikorosho dawa ya salfa, maana unga wake hushika jani likiwa bado na umande na upepo umetulia. Alibeba mashine mgongoni, na hatua tatu tu mbele yetu akawa haonekani. Husna akianza kulia, sauti ya mama ilitoka humo humo kwenye weupe: "Nipo hapa. Fuateni mlio." Tukaufuata mlio wa mashine mpaka tukaishika kanga yake.

Siku ile kikaoni nilikuwa namuwaza yeye. Alikuwa amezeeka, barabara ni ndefu, nami nilitaka nyumbani pawe mwendo wa saa moja, upesi, kabla sijachelewa.

Tulizunguka mara nne, tukarudi Dar. Nilipowasha simu, ujumbe wa Husna ulikuwa umeshaingia. Nikalia palepale kwenye kiti, na yule mama wa pembeni akanishika mkono.

Nilifika Ziwani saa kumi jioni, kwa ndege ya mchana, jua likiwaka na mbingu imetakata. Walikuwa wamemzika baada ya swala ya adhuhuri. Husna alinikalisha barazani, akaniletea maji, akasubiri ninywe.

"Aliisikia ndege, kaka," akasema. "Ilipopita juu ya nyumba akasema, huyo Hemedi kafika, mfungulieni mlango. Tukaufungua, ukungu ukaingia mpaka kitandani. Ikarudi tena, na tena. Akasema mtoto haoni njia."

Sikuweza kuinua macho.

"Ilipopita mara ya mwisho akajiinua kidogo. Akasema, 'Nipo hapa.' Kwa sauti kabisa, kama yule wa zamani. Basi, hakusema tena."

Kifaa kilifungwa mwaka uliofuata. Stefano alinipa taarifa hiyo kwa karatasi, mstari mmoja.

Mpaka leo, mwezi wa saba ukiingia, Husna anaulaani ukungu ule, nami namwacha aulaani.