Nilza Aliye Chini ya Bomba

Saa moja asubuhi Olinda alianika makopa yake ya muhogo juani, akajifunga kanga vizuri, akachukua chungu cha mama yake na kwenda nacho kwenye mkuza wa bomba. Mkuza ni ule ukanda uliofyekwa mweupe katikati ya mikorosho ya Nachinduli, ambako gesi hupita chini ya ardhi, na ambako mtu haruhusiwi kulima, kujenga wala kukaa. Olinda alikaa. Alikifudikiza chungu mchangani, akagonga hodi kwa ukucha, akalaza sikio kwenye tundu la kitakoni.

"Umechelewa," mama yake alisema kutoka chini. "Na hayo makopa umeyaanika upande wa kuku."

"Kuku wenyewe wa Mwajuma, mama."

"Basi mwambie Mwajuma nimesema awafunge."

Olinda alimwambia jirani yake, na Mwajuma akawafunga huku akinung'unika. Nilza alipokuwa hai alikuwa hivyo hivyo, na kufa hakujawahi kumpunguzia mtu maneno. Alikuwa kungwi. Alipoimbisha unyago sauti yake ilifika kijiji cha pili bila kusaidiwa na ngoma, na hakuna mwanamke mtu mzima pale Nachinduli ambaye hakufundwa naye. Kwa hiyo alipoanza kusema chini ya bomba, watu hawakuitana kutazama. Walisema tu, haya, raha yetu imekwisha.

Alikuwa amezikwa kwenye shamba lake, karibu na kichuguu. Juu ya kaburi waliweka chungu alichokuwa akipikia, kimetobolewa kitako ili asije mtu akakitamani, kimefudikizwa. Wazee waliovuka Ruvuma kuja upande huu walizika hivyo, na watoto wao hawakuona sababu ya kubadilisha. Kisha wakaja wapimaji wa njia ya bomba. Makaburi yenye msalaba waliyahamisha kwa heshima, padri akiwepo. Yenye saruji waliyahamisha, shehe akiwepo. Kwa Nilza waliona chungu kibovu, na mpimaji mmoja akakipiga teke kikaingia kichakani. Bomba likapita pale, likafukiwa, ramani ikachapwa.

Siku hiyo Olinda alikuwa Nanyamba, msibani. Aliporudi na kukuta udongo mwekundu mahali pa mama yake, alilia kwa sauti mpaka watu wa shamba la pili wakaja kumshika. Chungu alikiokota, hakikuwa na ufa. Siku ya pili, alipokifudikiza mahali pake, ndipo alipomsikia mama yake akikohoa.

Alikwenda ofisi ya kampuni. Alitaka jambo moja tu: bomba lisogezwe kidogo, mama yake atolewe, azikwe upya watu wakiona. Afisa mahusiano aliitwa Godfrey, kijana mpole wa kumpisha mtu mzima kiti. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Tumekusikia, mama," alisema. "Ila kwenye ramani hapo hapana kaburi."

Olinda alirudi mara nyingi, na kila mara alisikiwa. Loo, walimsikia sana! Ingekuwa kusikiwa ni kuzikwa, Nilza angekuwa na makaburi wilaya nzima.

Ndipo alipokuja Vania. Alikuwa msanii wa sauti kutoka Dar es Salaam, ingawa babu yake alikuwa mtu wa Nachinduli, na alishuka kwenye bodaboda na begi la nyaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi kitu, mama. Kazi yangu kusikiliza. Narekodi sauti za mahali, nazipanga ukumbini, watu wanakuja kuzisikiliza."

"Wanakuja kwa hiari yao?"

"Kwa hiari yao."

Olinda alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Mimi mwenzio kazi hiyo naifanya kila siku, na hakuna aliyeniita msanii. Wananiita mkorofi."

Alimpeleka mkuzani. Vania alichimbia maikrofoni zake bapa mchangani, akavaa hedifoni, akafumba macho. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mvumo wa gesi, na mvumo aliupata. Kisha akampata Nilza.

"Nani huyu ananipumulia?"

"Vania, bibi. Mjukuu wa Valdemar."

"Valdemar yule mwizi wa kuku?"

Vania alipunguza kidogo kiwango cha sauti kwenye mashine. "Ndiye huyo, bibi."

"Haya, karibu. Wewe sikuhesabii kuku hao."

Walizungumza hadi jua likawa kali. Vania alipoomba ruhusa ya kuyatumia yale maneno, Nilza alisema maneno yake hajawahi kuyafungia kabatini. Olinda ndiye aliyeweka sharti: Godfrey aje, akae mbele, mbali na mlango. Vania akakubali, na ahadi yake aliitimiza.

Maonyesho yalifanyika Mtwara mjini. Wanawake wa Nachinduli walikwenda kwa lori la korosho, wamevaa kanga sare. Ukumbi ulikuwa mweupe, spika nyeusi zimening'inizwa kwa nyaya, viti vimepangwa duara. Vania alikuwa ameandaa kisanduku chenye taa akitaka chungu kiwekwe juu yake.

"Aka!" Olinda alisema. "Chungu cha kaburi si pambo." Akakipakata.

Taa zilipozimwa ulianza mvumo, mzito, hadi watu wakausikia kwenye meno. Kisha Nilza akaingia. Alijitaja jina lake, la mama yake, na la mama wa mama yake. Alitaja anapolala: kutoka kwenye kichuguu kuelekea mkorosho wenye kovu la panga. "Bomba limenilalia kifuani," alisema, "juu ya ziwa nililomnyonyeshea Olinda. Nataka kukohoa vizuri nashindwa. Niondoeni hapa." Kisha akaimba ule wimbo wa kuwaamsha wanawali, na wanawake wa Nachinduli wakauitikia gizani wote pamoja, kwa kuwa yeye ndiye aliyewafundisha kuitikia, na kwake kutoitikia hakujawahi kumpeleka mtu pazuri. Olinda aliitikia huku machozi yakimtoka.

Taa ziliwashwa, ukaja wakati wa maoni. Daktari wa masikio alisema sauti ya bibi iko sawa, ila kikohozi hicho kingepaswa kuchunguzwa mapema. Mhandisi alisema mvumo uko katika kiwango cha kawaida na bomba halina hitilafu. Mwalimu wa chuo aliuliza kama kazi hii inahusu kumbukumbu au inahusu nafasi. Hakuna aliyesema huyu si Nilza. Hakuna aliyesema hayupo pale. Kisha mtu akaanza kupiga makofi, na ukumbi wote ukamfuata.

"Mnanipigia makofi mimi?" Nilza aliuliza kwenye spika. "Kwani nimecheza?"

Mashine ilikuwa imeshazimwa. Watu walicheka kidogo, wakapiga makofi zaidi.

Olinda alisimama na chungu chake akamwendea Godfrey, ambaye alikuwa akijifuta macho kwa leso.

"Umesikia anapolala?"

"Nimesikia, mama. Hata nimelia."

"Na kesho?"

"Kesho nitaandika kwamba wananchi walishirikishwa kwa njia ya sanaa."

"Na kaburi?"

Godfrey alitazama chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Olinda kuliko yote. "Kaburi, mama, halipo kwenye ramani."

"Godfrey," Olinda alisema, "kiziwi ningemsamehe. Wewe masikio unayo, na moyo unao, na machozi umetoa. Sasa nasema mbele ya hawa: mama yangu hajaja hapa kusikilizwa. Amekuja kuondolewa. Na nyinyi mliopiga makofi, yarudisheni mifukoni, hatukuyaomba!"

Wanawake wakapiga vigelegele, wakapanda lori.

Njiani hakuna aliyeimba. Walipofika, Mwajuma aliingia jikoni kwake akatoka na chungu kikubwa, kile cha shughuli, ambacho hata kuazimisha alikuwa haazimishi. Alikitoboa kitako kwa msumari na jiwe, polepole kisipasuke. Wengine wakamwona wakaenda kuleta vyao. Kufikia asubuhi mkuza wa Nachinduli ulikuwa na vyungu vilivyofudikizwa kutoka kwenye kichuguu hadi barabarani, na Nilza alikuwa akitoka kwenye vyote.

Shafii, mlinzi wa mkuza, alipiga simu ofisini kuuliza kama chungu ni jengo. Waliangalia kanuni. Hakikuwa jengo, lakini likaja gari likavizoa vyote. Wanawake walileta vingine. Mfinyanzi wa Madimba alisema hajawahi kuona watu wanaonunua vyungu vya kutoboa. Kampuni ikasimika bango: MARUFUKU KUZUNGUMZA NA BOMBA. Wanawake walilitumia kuanikia kanga, na walipozungumza walimwangalia Shafii usoni, naye akawa anatazama mikorosho. Mama yake Shafii alikuwa miongoni mwao.

Tangu siku hizo Nilza hangoji chungu. Gesi inapokwenda naye huenda. Mjini, mtu akiwasha jiko, kabla moto haujashika, husikia mwanamke akijitaja jina, la mama yake na la mama wa mama yake, na kichuguu, na mkorosho wenye kovu. Watu wamezoea. Wengine huongeza redio, wengine hungoja amalize ndipo wateleke maji. Vania hutuma ujumbe kila mara kwamba maonyesho yanakwenda nchi nyingine na yanapokewa vizuri.

Nyumbani kwa Godfrey anayeamka kwanza ni yeye. Huwasha jiko la chai mkewe Anna akiwa bado amelala.

"Shikamoo, bibi," husema.

"Marahaba, mwanangu. Nimelala vibaya."

"Pole, bibi."

Humimina chai, hunywa, huvaa viatu, kisha huenda ofisini kusaini kwamba pale Nachinduli hapana mtu.

Olinda naye, wakati huo huo, huwa ameshafika mkuzani, amekaa pale pasipokaliwa, amefudikiza chungu. Hubeba unga wa muhogo kwenye kifundo cha kanga, akamwaga kidogo mchangani kuwa tambiko, mbele ya Shafii.

"Wamesikia?" mama yake huuliza.

"Wamesikia, mama."

"Wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu."

Mama yake hukohoa huko chini, kile kikohozi kisichofika mwisho.

"Basi waite wenzio," Nilza husema. "Leo tuimbe kwa nguvu."