Aliyegeuka Kulia

Filamu yenyewe ilimzidi mjukuu umri kwa mbali, na walioipenda waliipenda kwelikweli. Ilihusu mji wa miaka ijayo ambao watu wake wote wamenyolewa upara, wamevishwa sare za kijivu na kupewa namba mahali pa majina. Kengele ikilia wanaamka. Ikilia tena wanakula. Ikilia ya tatu wanageuka wote kushoto na kwenda kazini, bila hata mmoja kupiga chafya. Ukitaka kumtisha mtu mzima huna haja ya zimwi, mwonyeshe hao tu.

Umati ule wa kuigiza uliokotwa mitaani, na mmoja wa waliookotwa alikuwa babu yake mjukuu, fundi viatu, kijana bado, mtu aliyeishi mpaka akazeeka bila kujua kushoto ni wapi na kulia ni wapi. Kengele ya tatu ilipolia wenzake wakageuka kushoto. Yeye akageuka kulia, akagongana uso kwa uso na jirani yake, akaangua kicheko. Jua lilikuwa linazama, mwongozaji hakuwa na muda wa kurudia, basi babu akabaki humo na kosa lake.

Nyumbani walikuwa na kanda ya filamu hiyo. Babu alipofariki, bibi akawa anairudisha nyuma pale pale penye kicheko, anairudisha na kuirudisha, mpaka siku moja deki ya video ikaitafuna. Picha za ukutani zilikuwepo, lakini katika zote babu amekaza uso kama anayesubiri kung'olewa jino. Alicheka mahali pamoja tu, na mahali penyewe ndipo pale palipotafunwa. Kwa hiyo studio ilipoamua kuisafisha filamu ile irudi kwenye kumbi, na kazi ikaangukia mikononi mwa mjukuu aliyeajiriwa hapo, bibi hakuwa na wimbo mwingine.

"Mke mwenzangu," alimwambia kila asubuhi, kwa utani wao wa bibi na mjukuu, "mume wetu anakuja lini?"

"Yuko bafuni, bibi. Bado namwogesha."

Na alikuwa akimwogesha kweli. Alifuta mikwaruzo, akatoa vumbi, akaisafisha sauti mpaka kengele ikasikika kama iko chumba cha pili. Kutuliza picha zilizotetemeka na kufuta madoa kuliachiwa programu mpya ya kompyuta, kwa amri ya mkuu wa studio, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Nyoosha kwa jinsi neno hilo lilivyokuwa halimtoki mdomoni. Sehemu ya babu, baada ya programu kuipitia, mjukuu hakuitazama makusudi. Alitaka waione pamoja yeye na bibi.

Siku ya siku bibi aliingia chumba cha majaribio amejipulizia marashi na kujipaka wanja, ungedhani anakwenda kuposwa. Taa zikazimwa. Kengele ya tatu ikalia, umati ukageuka kushoto, na fundi viatu naye akageuka kushoto, uso mkavu, akaenda zake kazini na wenzake. Programu ilimkuta mtu mmoja asiyefanana na safu yake, ikamdhania doa, ikamnyoosha.

Bibi hakulia. Alimgeukia mjukuu taratibu.

"Mke mwenzangu, mume wetu umemweka wapi?"

Mjukuu alitamani ardhi ipasuke. Alimpandisha bibi kwenye gari, akarudi moja kwa moja ofisini kwa Bwana Nyoosha.

"Nakala ya mwanzo ipo," alisema. "Naomba nimrudishe yule mtu."

"Lile ni kosa, na tumelipwa kuondoa makosa. Halafu nasikia ni babu yako. Usiniletee mambo ya ukoo kazini."

"Ni ya ukoo, sikatai. Nampenda babu yangu na nataka acheke. Lakini tazama zote mbili, mzee, kisha uamue."

Bwana Nyoosha akakubali kwa shingo upande. Iliyonyooshwa aliitazama huku akijikuna sikio, na kabla haijaisha akawa anasoma simu yake. Ya pili ilipofika penye kengele akakodoa macho. Babu akageuka kulia, pua ikakutana na pua, kicheko kikatoka, na katikati ya sare zile za kijivu pakawa na mtu. Simu ikawekwa mezani.

"Watamfanya nini huyu?" aliuliza.

"Filamu haisemi."

"Hawatamdhuru?"

"Haisemi, mzee. Ndiyo maana watu hawalali."

Akairudisha nyuma mwenyewe, akatazama tena, akajipangusa uso kama mtu aliyeingiwa na vumbi. "Mrudishe. Lakini yule wa safu ya nyuma aliyevaa saa, mfute. Watu wa namba hawavai saa."

"Naye pengine ana wajukuu."

Bwana Nyoosha akaguna, akamwacha mwenye saa na saa yake.

Filamu ilipofunguliwa rasmi ukumbi ulifurika. Bibi alikaa katikati, mkono wake umebana wa mjukuu mpaka vidole vikafa ganzi. Walikula watu wa namba, wakasimama watu wa namba. Kengele ya tatu ikalia. Safu zikaanza kugeuka kushoto. Bibi akasimama wima, akasahau kabisa kwamba hayuko sebuleni kwake.

"Usiwafuate, mume wangu!" alipaza sauti. "Usiwafuate! Baki hivyo hivyo!"

Kule juu babu akageuka kulia, akagongana na jirani yake, akacheka, na ukumbi mzima ukacheka naye. Bibi alibaki amesimama mpaka sehemu ile ikapita, na waliokaa nyuma yake hakuna hata mmoja aliyemwambia akae.